Swali la Mtaa wa Nyuma

Jina la Bi Changanya alibandikwa na wanafunzi, na kama majina mengi ya shuleni lilianza kwa kejeli. Mwalimu wa kemia gani huyu, walisema. Ukimuuliza habari za chumvi anaanza vizuri na fomula yake ubaoni, halafu kufumba na kufumbua ameshahamia kwenye misafara ya kale iliyobeba chumvi mabegani. Hapo hajatulia, anaingia kwenye figo na shinikizo la damu, na kengele inamkuta anauliza kwa nini mtu akiongeza uongo kwenye habari tunasema ametia chumvi, hatusemi ametia sukari. Anachanganya huyu! Miaka ikapita, kejeli ikachuja, jina likabaki. Hata mumewe, akitaka kumchokoza, alimwita hivyo.

Alikuwa mwanamke mfupi, mwepesi wa miguu, mwenye koti jeupe lililotobolewa na asidi kwenye mkono wa kushoto. Watu walidhani tabia yake ya kuvuka mipaka ya masomo aliitoa chuoni. Hakuitoa huko. Aliitoa kwenye korido ya hospitali.

Alipokuwa binti wa sekondari mama yake alianza kuvimba miguu, pumzi ikawa fupi, macho yakaingia ukungu. Wakaenda naye hospitali kubwa. Daktari wa macho akamulika macho, akasema hayana ugonjwa wa macho. Wa miguu akabonyeza miguu, akasema mifupa mizima. Wa kifua akasikiliza, akasema hapa kwangu sioni kitu, hebu waone chumba kinachofuata. Kila mlango waliotoka ulikuwa na mlango mwingine mbele yake. Mama alikata roho kwenye benchi, katikati ya mlango mmoja na mwingine, viatu vyake kavishika mkononi kwa sababu miguu ilikuwa haiingii tena.

Kilichomtisha binti yule maisha yake yote hakikuwa kwamba madaktari walikosea. Hawakukosea. Kila mmoja alisema kweli chumbani mwake, na mama akafia nje, mahali ambapo hapakuwa pa mtu.

Kwa hiyo alipokuwa mwalimu akawa hakubali kukaa chumbani mwake. Katika chumba cha walimu meza zilipangwa kwa idara: sayansi dirishani, historia na jiografia ukutani, lugha karibu na birika la chai, ndiyo maana walimu wa lugha walitaniwa kwamba ndio wenye vitambi. Yeye alizunguka na kiti chake. Leo utamkuta kwa mwalimu wa jiografia anauliza upepo unatoka wapi, kesho yuko kwa mzee wa lugha wanabishana asili ya neno.

"Dunia haijui kwamba sisi tumeigawa vipindi," alipenda kusema. "Mto haujui kwamba asubuhi ni jiografia na mchana ni kemia. Unapita tu."

Aliyempinga zaidi alikuwa mwalimu wa hesabu, ambaye ndiye aliyepanga ratiba ya shule. Wanafunzi walimwita Bwana Rula, kwa sababu hata akivuka uwanja alinyooka kama kachorewa mstari. Ratiba yake ilining'inia ukutani, rangi yake kwa kila somo, na ole wake atakayekula dakika za mwenzake.

"Kila ng'ombe na zizi lake, dada," alimwambia. "Ukiwachanganya watapigana pembe."

"Na simba akija, kaka? Atauliza hili zizi la nani?"

Bwana Rula alicheka. Walikuwa wakipendana kwa namna yao, kama watu wawili wanaobishana kila siku bila kuchoka.

Mwisho Mkuu wa shule alimpa kipindi cha mwisho cha Ijumaa, kipindi ambacho hata hivyo hakuna aliyekuwa akifundisha. Masharti ya Bi Changanya yalikuwa mepesi: swali moja, walimu wengi, na mwalimu asiyejua aseme sijui mbele ya watoto. Wakaanza na chumvi. Wakafuata kutu ya mabati, kisha kwa nini viatu vya kila mtu huisha upande mmoja. Mwalimu wa michezo, ambaye hakuwahi kuombwa aseme neno darasani, alieleza jinsi watu wanavyokanyaga mpaka darasa likasahau kwamba kengele imelia. Watoto walianza kuisubiri Ijumaa. Hata Mkuu alipita mara moja, akasimama mlangoni, akatabasamu.

Nyuma ya uwanja wa michezo kulikuwa na ukuta mrefu, na nyuma ya ukuta kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari. Malori yaliingia na betri zilizokufa, yakatoka na vipande vya madini vizito. Bomba lake lilitoa moshi mwembamba, wa kijivu, usiokuwa na haraka. Kiwanda kilikuwa jirani mwema. Kilijenga darasa jipya, kikaleta madawati, kikapaka rangi ofisi ya Mkuu. Wazazi wengi wa mtaa wa nyuma, ule uliojibana kati ya kiwanda na reli, walifanya kazi mle. Hata mume wa Bi Changanya alikuwa fundi mitambo hapo, mwanamume mpole, mwenye kikohozi kidogo na nguo za kazi zilizokuwa nzito hata zikiwa kavu.

Mambo madogo yalikuwepo, lakini nani anahesabu mambo madogo? Kuku wa mlinzi wa shule walianza kuzunguka kama walevi kisha wakafa, akasema ni kideri. Majani ya mpera ulio karibu na ukuta yalijikunja kabla ya kukua. Kila asubuhi mwanafunzi wa zamu alifuta vumbi la kijivu madirishani, na kila jioni lilikuwa limerudi, laini kama unga wa ngano. Walisema ni kiangazi.

Na nyumbani kulikuwa na Kinda. Kinda alikuwa kitinda mimba wao, msichana aliyekwisha kuota meno yote na kukimbia, lakini maneno yake yalihesabika kwenye vidole. Alikuwa ameanza kusema, kisha ni kama alibadili nia. Shangazi mtu akasema, "Watoto wa mwisho hudeka, huyo ataongea siku moja mtamwomba anyamaze." Bi Changanya akakubali, maana alitaka kukubali.

Ijumaa ile watoto walipewa nafasi ya kuchagua swali wenyewe. Mikono ikanyooka, wakataka kujua habari za radi, za ndoto, za simu. Kisha nyuma kabisa ukanyooka mkono uliokuwa haunyooki kamwe. Ni binti wa mama mmoja mshonaji wa mtaa wa nyuma, msichana mkimya aliyekuwa akilaza kichwa dawatini kila mchana, mwenye midomo isiyo na damu.

"Haya mwanangu, sema."

Msichana alisimama, akashika ukingo wa dawati. "Mwalimu, kwa nini sisi wa mtaa wa nyuma ndio wajinga?"

Darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu wa michezo naye alicheka, kisha akaona uso wa Bi Changanya, akanyamaza.

"Nani kakwambia ni wajinga?"

"Hakuna aliyeniambia, mwalimu. Naona tu. Mimi nilikuwa najua kugawanya. Tulipohamia huku nikasahau. Na rafiki yangu hivyo hivyo, na kaka yake. Wenzetu wa upande wa barabara wanapanda, sisi tunashuka. Nauliza kwa nini."

Kicheko kilikatika kama uzi. Bi Changanya aliandika swali ubaoni, lakini neno wajinga hakuliandika. Aliandika: Kwa nini tunashuka? Chaki ilimvunjikia mkononi.

Katika chumba cha walimu alikwenda meza kwa meza. Mwalimu wa michezo alisema watoto wa mtaa ule hawafiki mbali, wanashika tumbo, lakini alidhani hawali asubuhi. Mzee wa lugha alisema wanachokozeka upesi siku hizi, na wanakatisha sentensi katikati kana kwamba mtu kawafunga mdomo. Alidhani ni malezi. Mwalimu wa jiografia alisema hana la kusema juu ya watoto, ila kama ni upepo, basi nusu mwaka unatoka kiwandani kwenda mtaa wa nyuma na nusu unageuka kuja shuleni. Kila mmoja alikuwa na kipande chake mfukoni, na kila mmoja alikwisha kukipa jina.

Bwana Rula alikunja mikono. "Alama za watoto ni siri ya somo langu."

"Sitaki majina yao, kaka. Nataka kujua wanakaa wapi."

"Na ukishajua?"

"Sijui. Ndiyo maana nauliza."

Ijumaa iliyofuata Bwana Rula alikuja darasani bila kualikwa, akachora ubaoni, kwa mistari yake iliyonyooka, uwanja, ukuta, kiwanda, reli na mitaa. Kisha akachukua chaki nyekundu na kuweka nukta kila nyumba yenye mtoto aliyeshuka tangu afike. Nukta zilianza kutawanyika huku na huko, halafu zikaanza kusongamana, zikasongamana upande mmoja mpaka chaki haikuwa na mahali pa kuweka nyingine. Aliposogea pembeni watoto waliona picha nzima. Kengele ya kwenda nyumbani ililia na hakuna aliyeinuka.

"Ni hesabu tu," Bwana Rula alisema, kana kwamba anaomba radhi.

Bi Changanya aliwaambia watoto wakija tena kila mmoja alete vumbi la dirishani kwao, kwenye karatasi iliyokunjwa. Wakaleta. Aliloweka kila vumbi katika asidi nyepesi, akachuja maji yake kwenye vikombe vya kioo, akawapanga watoto mbali na meza, akadondosha dawa. Kwenye vikombe vya watoto wa mbali maji yalibaki maji. Kwenye vikombe vya mtaa wa nyuma yaliibuka mawingu ya manjano, manjano ya kung'aa kama kiini cha yai. Watoto walipiga makofi. Kilikuwa kitu kizuri kuliko vyote walivyowahi kuona maabara.

"Mwalimu, hiyo ni nini?"

"Ni risasi," alisema taratibu.

"Ya bunduki?"

Mzee wa lugha, aliyekuwa amesimama dirishani, alijibu kwa niaba yake. "Neno ni moja, wanangu. Lugha yetu iliita madini na kile kinachotoka kwenye bunduki kwa jina moja, kwa kuwa ile ya bunduki ilitengenezwa kwa madini hayo. Tofauti ni kwamba ile utasikia mlio."

Hakuna aliyepiga makofi tena.

Siku ya pili yake ilikuwa Jumamosi, siku ya kufua. Jua lilikuwa kali, Kinda anacheza uani pembeni mwa beseni, anachovya vidole majini na kuvinyonya kama alivyozoea. Bi Changanya alikamua suruali ya kazi ya mumewe, akaitupa kambani, akainamia beseni kumwaga maji. Chini palikuwa na matope ya kijivu yametuama, laini, yanateleza. Alikuwa ameyaona matope yale kila Jumamosi tangu aolewe. Alikuwa akiyamwaga kwenye mchicha.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, naye msemo huo alikuwa ameuandika ubaoni mara nyingi, akaueleza kwa mifano ya chawa na ya marafiki wabaya. Hakuwahi kuusoma kama ulivyoandikwa. Alimnyakua mtoto kwa nguvu hata akalia, akamsugua vidole kwa sabuni, akasugua tena. Kisha akakinga yale matope kwenye chupa, akavaa viatu, akaenda shuleni, akamwomba mlinzi amfungulie maabara. Hakukaa sana. Mlinzi alimwona akitoka na kuketi kwenye ngazi, koti hana, mikono kaitazamisha juu kama mtu anayengoja kukabidhiwa kitu.

Kipimo cha damu kilipatikana katika hospitali ya mji mwingine. Walikwenda wote watatu. Daktari, mwanamke kijana mwenye sauti ya chini, alifunga mlango kabla ya kusema.

"Damu ya mtoto ina risasi nyingi."

"Risasi?" mume aliruka. "Nani kampiga? Mbona hana jeraha?"

Bi Changanya alimshika mkono. Daktari alieleza kwamba sumu ile huingia kwenye damu na mifupa, na kwa mtoto mdogo huingia mpaka kwenye ubongo unaokua. Kwamba cha kwanza ni kumwondoa mtoto kwenye vumbi, wampe chakula kizuri, warudi kupima. Baba aliuliza swali moja tu, lile ambalo mkewe alikuwa hana ujasiri wa kuliuliza. "Kilichoharibika kitarudi?"

"Kitu kingine hurudi," daktari alisema. "Kingine tutangoja tuone."

Walipofika nyumbani mume alivua viatu nje ya geti, akavua na shati, akaingia nyumbani kwake kifua wazi kama mtu aliyeporwa. Hakurudi tena kiwandani. Lakini hakumwambia mtu kwa nini, maana ndugu zake wawili walikuwa bado mle.

Habari zina miguu. Jumatatu asubuhi Mkuu alimwita Bi Changanya ofisini. Kwenye kiti cha wageni alikaa meneja wa kiwanda, mtu nadhifu, mwenye kicheko cha karibu.

"Mwalimu, nimesikia sifa zako," meneja alisema. "Watoto wanakupenda. Walimu wenye vipaji ni wachache."

"Ahsante."

"Sisi tuna mtu wetu wa afya. Tuna mtu wa mazingira. Tuna mtu wa usalama. Kila mmoja ana cheti chake na ametia sahihi. Sasa mwalimu wa kemia akianza kufanya kazi ya daktari, na mwalimu wa hesabu kazi ya mpimaji, tutafika wapi? Kila mtu akifundisha kilicho chake, si itakuwa salama kwa wote?"

Neno salama alilitamka taratibu. Mkuu alitazama rangi mpya ya ukuta wake.

"Mtoto wangu ni wangu pia," Bi Changanya alisema. "Huyo naye nimwombee kibali?"

Meneja aliinuka, akatengeneza shati, akamsalimu kwa adabu, akatoka. Mkuu alingoja hatua ziishe kwenye korido.

"Mwalimu, mimi na wewe tumetoka mbali," alisema. "Unachanganya masomo, mwisho utachanganyikiwa. Kipindi cha Ijumaa kimefutwa, hakimo kwenye mtaala. Na unajua walivyosema, asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

Zamani alikuwa akiutumia utani huo juu ya cheo chake, na walimu wote wakicheka. Safari hii hakucheka hata yeye.

Baada ya hapo vilianza vitu visivyo na mwenyewe. Mwalimu wa jiografia akarudisha meza yake ukutani, akawa ana kazi nyingi. Mwalimu wa michezo akapata uhamisho aliokuwa ameuomba miaka mingi. Gari jeupe lilikuwa likiegeshwa mkabala na nyumba ya Bi Changanya mchana, dereva anasoma gazeti, halafu linaondoka. Vikombe vya maabara vilikutwa vimevunjwa, vile vya majaribio ya vumbi peke yake, na mlango haukuwa umeguswa.

Kisha ukaitishwa mkutano wa wazazi. Alidhani wazazi watamlilia. Walikuja wamekasirika, lakini hasira ilikuwa juu yake.

"Umewaita watoto wetu wajinga!" baba mmoja alisimama, nguo za kazi bado mwilini, kijivu mabegani. "Umechora nyumba zetu ubaoni kama nyumba za wachawi. Kiwanda kikifungwa tutakula chaki yako?"

"Sikuwaita wajinga. Nilisema wanadhulumiwa."

"Wewe mumeo keshaacha kazi. Una mshahara. Sisi je?"

Bwana Rula alikuwa ameketi mstari wa walimu. Aliinuka, akanyoosha suruali, akasema.

"Mimi huyu mwalimu nimempinga tangu siku ya kwanza, mnajua. Mimi ni mtu wa zizi langu. Lakini nukta zile nimeziweka mimi. Nilikuwa na alama hizo droweni miaka mingi, nikisema watoto hawa wavivu, nikawachapa." Akawageukia wazazi. "Msinisikilize mimi, msimsikilize yeye. Kampimeni mmoja tu. Mmoja."

Nyuma kabisa yule mama mshonaji alikuwa amesimama na bintiye. Alikuwa amekuja kumtukana mwalimu, alikiri baadaye, maneno alikuwa ameyapanga njia nzima. Badala yake alisema, "Mtampima wangu. Ndiye aliyeuliza."

Walimpima. Kisha akapimwa rafiki yake, na kaka wa rafiki, na ilipofika mtoto wa yule baba wa nguo za kijivu, mtaa wa nyuma ulikuwa kimya kwa namna ambayo hata treni ikipita ilionekana kama inapita kwenye msiba. Wanawake waliacha kuanika nguo nje. Watoto walikatazwa kucheza chini, na kwa kuwa hawakuwa na mahali pengine pa kucheza, wakawa wanakaa vitandani wakitazama mlango.

Kiwanda hakikufungwa kwa amri ya mtu. Asubuhi moja malori yalitoka na mitambo badala ya vipande vya madini, bomba likasimama bila moshi, na mwisho wa juma ndani ya ukuta hamkuwa na kitu. Walisema kimehamia mji mwingine. Bi Changanya alimuuliza mwalimu wa jiografia upepo wa mji huo unakwenda upande gani. Alijibu kwa kunong'ona, bila kuinua kichwa, "Kwenye makazi."

Barua ya uhamisho wake nayo haikukawia. Shule ya mbali, kufundisha kemia, kemia peke yake, imeandikwa hivyo hivyo. Bwana Rula alimsindikiza hadi stendi, akabeba begi lake, wakasimama wakitaniana kwa shida.

"Sasa nitabishana na nani, dada?"

"Bishana na ratiba yako."

Katika shule mpya alivaa koti lake, akafundisha. Walimu wa huko walimwona mtu wa kawaida, mkimya kidogo. Lakini haukuisha muhula akaanza tena kuzunguka na kiti chake, maana hakujua namna nyingine ya kuwa mwalimu. Mumewe alifungua karakana ya baiskeli, kikohozi kikawa kinakuja na kuondoka. Kinda alianza kusema. Alisema sentensi ndefu, tamu, zilizomchekesha baba yake, ila herufi zilimkimbia, na akihesabu alifika mahali akasimama, akatazama mbele kama mtu aliyefika kwenye ukuta. Mama yake alikaa naye kila jioni. Alimfundisha namba kwa nyimbo, kwa kuruka kamba, kwa kupanga vijiti. Kitu kingine kilirudi. Kingine hakikurudi.

Miaka ilikuwa imekwenda alipopigiwa simu na yule binti wa mshonaji. Sasa alikuwa mwanamke mzima, ameshika cherehani ya mama yake, na kichwa bado kilimuuma mchana.

"Shikamoo mwalimu. Nimepata kazi ya sare za watoto wadogo. Za chekechea mpya."

"Marahaba mwanangu. Hongera. Chekechea ipi?"

"Pale pale, mwalimu. Ndani ya ukuta."

Bi Changanya aliketi. "Nani kapima udongo?"

"Nilijua utauliza, kwa hiyo nimezunguka kuuliza kwanza. Mtu wa ardhi alipima mipaka. Mtu wa afya alikagua vyoo. Mtu wa ujenzi akaangalia msingi, mtu wa elimu akahesabu madarasa. Wote wamepitisha. Nilipowauliza udongo ni wa nani, walitazamana."

Bi Changanya aliomba ruhusa kazini, akapanda basi la alfajiri. Walikutana getini, wakaamkiana, wakaingia pamoja, kila mmoja na mkoba wa chupa tupu. Madarasa yalipakwa rangi za kuvutia, tembo na vipepeo ukutani. Nyasi zilikuwa bado hazijashika, ardhi wazi, ya kijivu, laini, na bembea zilikwisha kusimikwa. Walianzia chini ya bembea.

Mlinzi aliwafuata mbio. "Mama zangu, mnafanya nini hapo? Nyinyi ni wa idara gani?"

Mshonaji alimtazama mwalimu wake, na mwalimu akamtazama mshonaji. Hawakuwa wa idara yoyote.

"Tunachukua udongo," Bi Changanya alisema, akapiga magoti, akazamisha kijiko.

Mlinzi akatoa simu mfukoni, akasogea pembeni mwa ukuta wa vipepeo, akaanza kuzungumza na mtu kwa sauti ya chini, macho hayawabanduki. Wao waliendelea kujaza chupa.